Akina Mama Waliulizwa, Wakajibu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari wa Uingereza aliyekuwa na wasiwasi juu ya ujauzito alimpeleka mama chumba cha eksirei. Altrasaundi haikuwapo. Akitaka kujua mtoto amelalaje tumboni, kama ni mapacha, au kama nyonga ya mama ina nafasi ya kupitisha kichwa cha mtoto, njia yake ilikuwa kulipiga tumbo picha, moja au kadhaa, kisha kuisoma mifupa. Takribani mama mmoja katika kila kumi alipitia kipimo hicho. Alitulia mbele ya mashine, akabana pumzi kidogo, akavaa nguo zake, akaenda nyumbani. Hakuna aliyedhani kwamba mtoto ametendewa jambo lolote.

Si kwamba madaktari hawakujua kuwa mionzi inaweza kuua. Wilhelm Röntgen aliigundua eksirei mwaka 1895 huko Würzburg, Ujerumani, na haikupita miaka kumi msiba ukabisha hodi. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison nchini Marekani, alizoea kuijaribu mashine kwa kuweka viganja vyake mwenyewe mbele ya mionzi. Saratani ilimla mikono, ikakatwa yote miwili, naye akafariki mwaka 1904. Madaktari wengi wa eksirei wa kizazi cha kwanza walipoteza vidole. Lakini funzo lililobaki baada ya misiba hiyo lilikuwa kwamba mionzi mingi ndiyo mibaya, na ile kidogo ya kupiga picha haina neno. Imani hiyo ilifika hadi madukani. Katika maduka ya viatu ya Uingereza na Marekani kulikuwa na mashine ya eksirei ambayo mtoto aliingiza miguu, mama na muuzaji wakachungulia kwa juu kuona kama vidole vimekaa vizuri ndani ya kiatu kipya.

Aliyeitikisa imani hiyo hakuwa bingwa wa mionzi. Alikuwa daktari wa magonjwa ya kawaida aliyejifunza kazi ya kuhesabu wagonjwa na kutafuta wanafanana kwa lipi.

Alice Stewart alizaliwa Sheffield tarehe 4 Oktoba 1906. Wazazi wake, Albert na Lucy Naish, wote wawili walikuwa madaktari, na mjini humo walijulikana kwa kuhangaikia afya ya watoto. Binti alifuata nyayo. Alisomea udaktari Cambridge, katika chuo cha wanawake cha Girton, wakati ambapo mwanamke ndani ya ukumbi wa mihadhara ya tiba alitazamwa kama mgeni asiyealikwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alitumwa kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Alifuatilia jinsi TNT, ile kemikali ya kujazia mabomu, ilivyoharibu damu na maini ya walioishika kila siku, na baadaye akachunguza mavumbi ya migodi ya makaa ya mawe na kifua kikuu miongoni mwa mafundi viatu. Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa ngazi ya juu wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari, mwanamke mdogo kwa umri kuliko wote waliowahi kupata heshima hiyo.

Heshima hiyo haikumletea fedha. Huko Oxford alifanya kazi chini ya John Ryle, profesa wa kwanza wa tiba ya jamii nchini Uingereza, mtu aliyeamini kwamba ugonjwa huanzia nyumbani na kazini kabla haujafika wodini. Ryle alifariki mwaka 1950. Chuo kikuu hakikujaza kiti chake. Taasisi ilipunguzwa ikawa kitengo kidogo, na Stewart akaachiwa kukiongoza akiwa na watu wachache na bajeti finyu, huku akilea watoto wake wawili.

Wakati huo takwimu za vifo zilionyesha jambo la kutisha. Lukemia, yaani saratani ya damu, ilikuwa inazidi kuua watoto. David Hewitt, mtakwimu wa kitengo hicho, alizipanga hesabu kwa umri akaona vifo vinajaa zaidi kwa watoto wa kati ya miaka miwili na minne. Hapo ndipo Stewart alipong'amua njia. Saratani haikui kwa siku moja. Ikiwa inamuua mtoto wa miaka mitatu, basi kilichoianzisha lazima kilitokea mapema mno, pengine kabla hajazaliwa. Na kama ni kabla hajazaliwa, shahidi ni mmoja tu.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Stewart aliamini kwamba mzazi huyo anakumbuka pia mambo ambayo faili la hospitali halikuyaandika: alikula nini, aliugua nini, alipimwa nini, alitishika lini. Kwa masikio ya leo wazo hilo ni la kawaida. Wakati ule, wanasayansi waliochunguza saratani walitazama seli kwenye darubini, na neno la mama aliyefiwa halikuhesabiwa kuwa data. Naliona wazo hilo kuwa kiini cha historia hii yote, na ndilo pia lililogeuka silaha mikononi mwa waliompinga.

Alipata ruzuku ya pauni 1,000 kutoka mfuko wa Lady Tata. Mfuko huo ulianzishwa India na Sir Dorabji Tata kumkumbuka mkewe, Meherbai, aliyefariki kwa lukemia mwaka 1931. Pauni elfu moja hazikutosha kuajiri watafiti wa kuzunguka nchi nzima, hivyo Stewart akapanda treni. Alikwenda kwa maofisa wa afya wa wilaya na miji, ambao mamlaka zao zilizidi 200, akawaomba mmoja mmoja wakubali madaktari na wauguzi wao wafanye mahojiano bila malipo ya ziada. Wengi walikubali.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuuelewa na mgumu kuutekeleza. Kwa kila mtoto wa chini ya miaka kumi aliyekufa kwa saratani Uingereza na Wales kati ya 1953 na 1955, alitafutwa mtoto mwingine aliye hai, wa umri na jinsia ileile, wa eneo lilelile. Mama wa marehemu na mama wa mtoto mzima waliulizwa maswali yaleyale. Kulikuwa na maswali juu ya magonjwa ya mama, chanjo na maradhi ya mtoto, na katikati ya hayo yote swali moja kuhusu eksirei.

Majibu yalipoanza kurudi, swali hilo moja lilijitenga na mengine. Mwezi Septemba 1956 kundi lake lilichapisha taarifa ya awali katika jarida la Lancet. Kati ya akina mama 547 waliofiwa, 85 walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakiwa na mimba ya mtoto huyo. Kati ya akina mama 547 wenye watoto wazima, ni 45. Karibu mara mbili. Na haikuwa lukemia peke yake. Saratani nyingine za utotoni zilionyesha tofauti ileile, jambo ambalo hata Stewart hakulitazamia. Ripoti kamili ilifuata katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, tarehe 28 Juni 1958, na hesabu kubwa zaidi haikubadilisha picha.

Upinzani ulikuwa mkali. Madaktari wa uzazi waliokuwa wameagiza picha hizo kwa nia njema hawakutaka kuambiwa kwamba zimeua. Tena zama zenyewe zilikuwa za nyuklia. Serikali zilikuwa zikijaribu mabomu angani na kujenga mitambo ya umeme wa atomu huku zikiwaeleza wananchi kwamba dozi ndogo za mionzi hazina madhara. Stewart alikuwa amesema kwamba hata dozi ya picha moja au mbili inaweza kuanzisha saratani.

Lakini haifai kuwasingizia wapinzani wote kwamba walitetea maslahi. Hoja yao kuu ilikuwa ya kisayansi na ilistahili jibu. Walisema hivi: mama aliyefiwa na mtoto hulala na kuamka akiitafuta sababu. Ukimuuliza juu ya mimba ile, atakumbuka kila sindano, kila kidonge, kila picha. Mama ambaye mtoto wake anacheza uani hana haja ya kukumbuka, naye atajibu hapana hata kama alipigwa. Basi tofauti ya 85 na 45 huenda ni tofauti ya kumbukumbu, si ya mionzi. Stewart alijibu kwa kulinganisha maelezo ya akina mama na kumbukumbu za hospitali pale zilipopatikana, akaona akina mama hawakukosea sana. Wengi hawakuridhika.

Mwaka 1960 likaja pigo kutoka kwa wakubwa wa fani. Richard Doll na Austin Bradford Hill, ndio waliokuwa wamethibitisha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, wakishirikiana na Michael Court Brown, walifuatilia watoto 39,166 wa London na Edinburgh ambao kumbukumbu za hospitali zilionyesha kwamba mama zao walipigwa eksirei ya tumbo au nyonga wakati wa mimba. Walitegemea vifo 10.5 vya lukemia kwa kiwango cha kawaida cha nchi. Walipata 9. Kwa sifa waliyokuwa nayo waandishi hao, wengi walichukulia kwamba kesi imefungwa.

Haikuwa imefungwa, na msomaji anaweza kuona mwenyewe kwa nini. Lukemia ya watoto ni adimu. Hata kama mionzi ingeongeza hatari kwa asilimia 40, vifo vilivyotegemewa vingepanda kutoka 10.5 hadi 15 hivi, na katika hesabu ndogo namna hiyo kupata 9 kwa bahati tu si ajabu. Utafiti ule haukuweza kuondoa hatari ya ukubwa huo. Kulisema hilo si kuwadharau Doll na wenzake. Ni kusikitika kwamba jibu la 1960 lilisomwa kama ruhusa.

Miaka miwili baadaye, Brian MacMahon wa Harvard alifanya kazi iliyohitajika. Alichukua orodha za watoto 734,243 waliozaliwa katika hospitali 37 za kaskazini mashariki mwa Marekani kati ya 1947 na 1954. Hakumuuliza mama yeyote. Rekodi za eksirei ziliandikwa kabla mtoto hajazaliwa, kabla mtu yeyote hajajua nani ataugua. Vifo vya saratani kwa waliopigwa picha tumboni vilizidi vya wenzao kwa asilimia 40 hivi. Kiwango hicho kilikuwa chini ya cha Stewart, lakini kilielekea upande uleule, na safari hii kumbukumbu ya mama haikuwa na lawama.

Ilibaki hoja nyingine: labda si mionzi, labda mama waliopelekwa eksirei walikuwa na mimba zenye matatizo, na tatizo lenyewe ndilo chanzo. Mapacha walisaidia kuijibu. Mama wa mapacha walipigwa picha mara nyingi zaidi kuliko wengine, si kwa ugonjwa bali kwa sababu tumbo kubwa lilimfanya daktari atake kuhesabu vichwa. Mwaka 1974 Robin Mole alionyesha kwamba miongoni mwa mapacha pia, waliopigwa picha walikufa zaidi kwa lukemia na saratani nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 1970, Stewart na mtakwimu wake George Kneale walikuwa wameonyesha kwamba kadiri idadi ya picha ilivyoongezeka ndivyo hatari ilivyopanda. Na kadiri mashine zilivyoboreshwa zikatumia mionzi michache kwa kila picha, hatari nayo ilipungua kwa watoto wa miaka ya baadaye.

Kuna jambo moja ambalo wafuasi wa Stewart hupenda kuliruka, nami sitaliruka. Watoto waliokuwa tumboni Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 walifuatiliwa, na ongezeko la saratani ya utotoni lililotazamiwa halikuonekana. Idadi yao ilikuwa ndogo, na mjadala juu ya maana ya matokeo hayo umedumu. Lakini ndiyo sababu mojawapo ya kweli iliyowafanya wanasayansi makini wasite.

Wakati mabishano yakiendelea, tiba ilipata njia nyingine. Mwezi uleule wa Juni 1958 ambapo ripoti kamili ya Stewart ilitoka, Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha katika Lancet makala yao ya kwanza juu ya kutumia mawimbi ya sauti kutazama ndani ya tumbo. Altrasaundi ilichukua miaka kuenea, lakini ilipoenea iliiondoa eksirei katika kliniki za wajawazito. Wataalamu wa kinga ya mionzi nao walianza kushauri tahadhari, na katika miaka ya 1970 ikaja kanuni ya siku kumi: mwanamke wa umri wa kuzaa apigwe picha ya tumbo ndani ya siku kumi tangu hedhi ianze, ili pasiwe na mimba isiyojulikana. Kati ya onyo la 1956 na mabadiliko hayo, watoto wengi walipitia mionzi ambayo haikuwa lazima. Hukumu yangu ni kwamba shaka ya kisayansi ilikuwa halali, lakini mzigo wa shaka hiyo uliwekwa begani pasipostahili. Palipokuwa na kitu kisicho hakika, tahadhari ilipaswa kumlinda mtoto kwanza.

Stewart aliondoka Oxford mwaka 1974 bila kupewa uprofesa, akahamia Birmingham. Umri wake ulikuwa wa kustaafu. Badala ya kupumzika, alialikwa Marekani na Thomas Mancuso wa Pittsburgh kuchambua rekodi za wafanyakazi wa Hanford, katika jimbo la Washington, mahali palipotengenezwa plutoni ya bomu la Nagasaki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa mabomu ya atomu wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya Kongo ambako Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya migodini, kwa hiyo kisa hiki hakiko mbali nasi kama kinavyoonekana. Wafanyakazi wa Hanford walivaa beji za kupimia mionzi. Mwaka 1977 Mancuso, Stewart na Kneale walichapisha matokeo yao: saratani ilizidi hata kwa waliopata dozi zilizo chini ya kikomo kilichoruhusiwa. Mkataba wa Mancuso na serikali ulikatishwa, na rekodi zikafungiwa watafiti wa nje hadi mwaka 1990.

Katika kazi hii ya pili Stewart hakusimama imara kama katika ile ya kwanza. Mbinu zake za takwimu zilikosolewa, na ukubwa wa hatari alioutaja haukukubaliwa na uchambuzi uliofuata. Lakini mwelekeo wa jumla haukufutika. Mwaka 2015 utafiti uliowahusisha wafanyakazi 308,297 wa nyuklia wa Ufaransa, Uingereza na Marekani ulionyesha kwamba hatari ya saratani hupanda pamoja na dozi, hata dozi ndogo zinazojilimbikiza taratibu.

Na yule Richard Doll? Mwaka 1997, akiwa mzee wa miaka 84, alichapisha pamoja na Richard Wakeford mapitio ya ushahidi wote wa miaka arobaini juu ya mionzi ya mtoto tumboni. Walikubali kwamba dozi ya miligrei 10 hivi (miligrei ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) huongeza hatari ya saratani ya utotoni, na kwamba uhusiano huo ni wa chanzo na matokeo. Kwa mujibu wao, eksirei ya tumbo ya miaka ile iliipandisha hatari kwa asilimia 40 hivi. Kumbukumbu za akina mama wa miaka ya 1950 zilikuwa zimethibitishwa na mtu ambaye utafiti wake ndio uliozitilia shaka kwa uzito kuliko wote. Stewart alikuwa hai kuyasoma maneno hayo. Alikuwa na miaka 90, na ndiyo kwanza Birmingham ilikuwa imempa cheo cha profesa mwaka uliotangulia. Alifariki Oxford tarehe 23 Juni 2002.

Swali lake sasa limehamia kwenye kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazopigwa kutoka pande nyingi za mwili, ambacho dozi yake ni kubwa kuliko ya eksirei ya kawaida. Mwaka 2012 Mark Pearce wa Newcastle na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa karibu 180,000 wa Uingereza waliopimwa CT wakiwa watoto au vijana, wakaona ongezeko la lukemia na uvimbe wa ubongo. Mwaka 2023 utafiti wa nchi tisa za Ulaya, wenye watu zaidi ya 900,000, ulikadiria kwamba kati ya watoto 10,000 wanaopimwa CT kwa viwango vya leo, mmoja au wawili watapata saratani ya damu ndani ya miaka 12 kwa sababu ya kipimo hicho. Hiyo ni hatari ndogo. Mtoto aliyeumia kichwa na anayehitaji CT ana hatari kubwa zaidi asipopimwa. Lakini kipimo kinachorudiwa kwa sababu picha ya kwanza imepotea, au kilichoagizwa kwa mazoea, kinaongeza hatari bila kumfaa mgonjwa.

Mlangoni mwa vyumba vingi vya eksirei, Dar es Salaam kama Nairobi, kuna tangazo linalomtaka mwanamke aseme kama ana mimba au anahisi anayo. Ukilikuta, dada yangu, sema kabla mashine haijawashwa, hata kama mhudumu hajakuuliza, hata kama foleni ni ndefu. Usikatae kipimo ambacho daktari amekueleza sababu yake. Eksirei ya kifua, kwa mfano, inamfikishia mtoto aliye tumboni mionzi michache mno. Uliza tu kama kuna njia isiyo na mionzi, na picha za zamani za mtoto wako zitunze uende nazo hospitali. Nanyi madaktari, mama anapowaeleza alichokumbuka, kiandikeni.